Nyumba Kahama, Mwenye Nyumba Ng'ambo

Mkandarasi mkuu ni kampuni inayoichukua kazi yote ya kujenga nyumba kwa mkataba mmoja. Inanunua simenti, inaajiri mafundi, inawaita watu wa umeme na wa mabomba, na mwisho inakabidhi funguo. Fundi bomba akikosea, anayejibu kwa mwenye nyumba ni mkandarasi. Ukuta ukipinda, ni yeye pia. Huko kuwa na mtu mmoja wa kujibu ndiko anakokulipia Mtanzania aishiye Toronto, Muscat au London anapoamua kujenga Shinyanga mjini, Kahama au Geita huku mwenyewe akibaki kazini kwake.

Njia iliyozoeleka zaidi ni nyingine. Fedha hutumwa kwa ndugu, ndugu humtafuta fundi, fundi hutaja idadi ya mifuko na tofali, na kila mwezi picha huja kwenye simu. Pembezoni mwa Kahama na Katoro matokeo ya njia hiyo yanaonekana kwa macho: maboma yaliyofika kwenye lenta yakaishia hapo, kuta zimeota ukungu, mbono umechipua palipopangwa sebule. Si sahihi kudhani kwamba kila pagale lina mwizi nyuma yake. Mara nyingi ndugu hakuiba. Mtoto alirudishwa nyumbani kwa kukosa ada, mama alilazwa, fedha ya kupaulia ikaenda hospitali, na baada ya hapo kukosekana kwa maelezo kukaanza kuzaa maelezo ya uongo. Ndugu amebebeshwa kazi tatu kwa mpigo, ya mnunuzi, ya mhasibu na ya mkaguzi, na zote hana mafunzo nazo wala malipo yake.

Anayejenga akiwa mbali ananunua vitu viwili: kazi na macho. Katika nchi ambako nyumba hujengwa kwa mkopo wa benki, macho hayo mara nyingi huwekwa na benki yenyewe. Mthamini wake huenda kuona hatua iliyofikiwa kabla fungu jingine halijatoka. Anayejenga Kahama kwa akiba yake hana benki ya kumfanyia hivyo. Lazima amtafute mtu huyo mwenyewe, amlipe mwenyewe, na ahakikishe hana undugu wala ubia na mkandarasi. Makosa mengi ya ujenzi wa mbali huanzia pale mkono unaojenga unapopewa pia kazi ya kupima.

Kisheria, mkandarasi nchini Tanzania ni yule aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Bodi huwagawa kwa aina ya kazi, kama vile majengo, barabara na kazi nyingine za kihandisi, umeme, mitambo na kazi maalumu. Makandarasi wa majengo wamepangwa kuanzia daraja la kwanza hadi la saba, na kila daraja, isipokuwa la kwanza, lina ukomo wa thamani ya kazi linaloruhusiwa kuchukua. Daraja la saba ndilo la chini. Kwa nyumba ya familia ya vyumba vitatu au vinne, madaraja ya chini yanatosha kabisa, na kampuni ndogo ya Kahama inayojulikana mtaani inaweza kuwa salama kuliko kampuni kubwa ya mbali ambayo itaigawa kazi hiyo kwa mafundi wale wale wa Kahama na kubakiza faida. Kuona cheti kwenye picha pekee hakutoshi. Jina la kampuni na namba yake huulizwa kwenye Bodi yenyewe, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza, ili kujua kama usajili uko hai na kama ni wa aina ya kazi inayotafutwa. Wapo mafundi hodari wanaoazima vyeti vya watu. Siku ya mgogoro, jina lililo kwenye cheti humkana fundi, naye fundi hana cha kushikwa nacho.

Kabla ya mkandarasi kuna ardhi, na katika ukanda wa dhahabu wa Kahama na Geita hapo ndipo pa kukaa muda mrefu zaidi.

Kiwanja huanza na upekuzi katika ofisi ya ardhi: nani ameandikwa, kwa muda gani, kwa matumizi gani, na kama kuna benki inayokidai. Karatasi ya mauziano yenye mhuri wa mtaa inaonyesha kwamba fedha ilitolewa. Haionyeshi kwamba aliyeuza alikuwa na haki ya kuuza. Katika maeneo ya Geita, Nyarugusu, Rwamgasa na Msalala yapo maswali mawili ya ziada. La kwanza ni leseni. Kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010, madini yote ni mali ya Jamhuri, hata yakiwa chini ya sebule ya mtu. Kiwanja kinaweza kuwa ndani ya bikoni za leseni ya uchimbaji, na nyumba itakayoibuka baada ya uthamini wa fidia kufanyika inaweza isihesabiwe kabisa. Kule Nyamongo, mkoani Mara, nyumba zilizojengwa haraka kwa kutegea fidia zilipewa jina la tegesha. Mtu aliye nje ya nchi anaweza kujikuta ameuziwa kiwanja cha namna hiyo bila kujua neno lenyewe. Swali la pili ni lililo chini. Wachimbaji wadogo wamechimba maduara, yaani mashimo ya dhahabu, katika ukanda huu kwa miongo mingi, na maduara yaliyochoka hufukiwa kwa udongo uliolegea au hufunikwa magogo na kusahauliwa. Ramani ya mipango miji haionyeshi duara. Mzee aliyekaa mtaani miaka 30 anaweza kulionyesha kwa kidole.

Lipo pia suala la jina litakaloandikwa. Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Ndiyo maana wengi waliochukua pasipoti za Kanada au Marekani huandika kiwanja kwa jina la dada au mama. Mbele ya sheria, aliyeandikwa ndiye mwenye mali, na warithi wake ndio watakaoirithi. Mapema mwaka 2025 Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria za uhamiaji na ardhi yanayoleta hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania walio na uraia wa nje, na masharti ya hadhi hiyo huulizwa ubalozini kabla ya kununua. Anayemwachia mtu nyumbani kazi ya kusaini kwa niaba yake humpa hati ya uwakilishi iliyothibitishwa huko aliko na kusajiliwa Tanzania, ikitaja wazi kinachoruhusiwa: kusaini mkataba wa ujenzi, ndiyo, kuuza au kuweka rehani, hapana.

Udongo wa Usukumani unahitaji maelezo yake. Kwenye miinuko yenye majabali ya Shinyanga, udongo ni wa kichanga, ule ambao Wasukuma huuita luseni, na msingi hupata pa kushika bila shida. Mabondeni kuna mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi. Mwezi wa Septemba mbuga hupasuka nyufa ambamo mkono wa mtu mzima huingia hadi kwenye kiwiko. Mvua za Novemba zikianza, nyufa hujifunga, udongo unavimba na kuinua kila kilicho juu yake. Kiangazi kinachofuata unasinyaa na kukishusha. Ukuta wa tofali haustahimili mwendo huo. Ufa huanza kwenye kona ya dirisha na kupanda kwa ngazi, tofali baada ya tofali, hadi kwenye lenta. Nyumba ya namna hiyo haiponi kwa plasta mpya kila mwaka.

Dawa ni kuchimba mashimo mawili au matatu ya majaribio kwenye kiwanja kabla ya kuchora msingi, na kuona udongo mweusi unaishia wapi. Ukiwa mfupi, huondolewa wote, nafasi yake ikajazwa moramu inayoshindiliwa tabaka kwa tabaka huku ikinyunyiziwa maji. Ukiwa mrefu, mhandisi huchora msingi wa aina nyingine: nguzo zinazoshuka hadi kwenye tabaka gumu, au jamvi zito lenye nondo linalobeba nyumba yote kama sinia. Kwa vyovyote vile, maji ya paa hupelekwa mbali na kuta kwa mifereji na ukanda wa zege kuzunguka nyumba, kwa sababu kinachoiua nyumba ya mbugani ni kulowana upande mmoja na kukauka upande mwingine. Mashimo hayo ni kibarua cha siku moja. Mkandarasi anayetaja bei ya nyumba bila kuuliza udongo anabahatisha, na atakapokutana na mbuga bei itapanda huku mwenye nyumba akiwa hana tena pa kukimbilia.

Baada ya hapo huja ramani. Mbunifu majengo huchora, mhandisi huweka vipimo vya zege na nondo, na mkadiriaji majenzi hutayarisha mchanganuo wa kila kipimo na gharama yake, ule ambao wajenzi wote huuita BOQ. Halmashauri hutoa kibali cha ujenzi kwa michoro hiyo. Wengi huuruka mchanganuo kwa kuona ni gharama ya bure, kumbe ndio lugha pekee ambayo mtu wa London na mkandarasi wa Geita wanaweza kuelewana. Bila huo, "nyumba ya vyumba vitatu na bati zuri" kwa mmoja ni geji 28, kwa mwingine ni geji 30 iliyo nyembamba zaidi, na wote wawili wamesema kweli.

Makandarasi watatu hupewa michoro na mchanganuo ule ule, kila mmoja ajaze bei zake. Bei iliyo chini sana kuliko nyingine haifurahiwi. Huulizwa imetoka wapi. Kisha kila mmoja huombwa aonyeshe nyumba aliyoimaliza miaka miwili au mitatu iliyopita. Aliyetumwa huenda kuzungumza na mwenye nyumba hiyo na kuzitazama kona za madirisha, kwa kuwa nyumba mpya zote hupendeza na mvua ya mwaka wa pili ndiyo inayosema ukweli.

Mkataba huandikwa kwa shilingi. Kanuni za Serikali za mwaka 2025 zimepiga marufuku bei na malipo ya ndani ya nchi kwa fedha za kigeni, hivyo mwenye pauni au dola hubeba mwenyewe mabadiliko ya thamani, na ni busara abakize akiba kwa ajili hiyo. Mkataba huonyesha kama bei imejumlisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Hutaja muda wa kazi, bima, nani anaruhusiwa kubadili michoro na kwa maandishi gani, na kiasi kitakachokatwa kwa kila wiki ya kuchelewa.

Moyo wa mkataba ni namna ya kulipa. Mapatano mengi ya mitaani hudai nusu ya fedha mwanzoni, ya kununulia vifaa. Hapo mwenye nyumba huwa amegeuka mkopeshaji asiye na dhamana. Utaratibu wa kikandarasi ni kulipia kazi iliyokwisha kufanyika na kupimwa. Malipo ya awali yanaweza kuwepo, kwa mfano asilimia 10, lakini dhidi ya dhamana ya benki au vifaa vilivyokwisha kushushwa kiwanjani, na hukatwa kidogo kidogo katika malipo yanayofuata. Kila malipo pia huacha nyuma fedha ya zuio, inayoshikiliwa hadi makabidhiano na baada yake. Tuchukue mkataba wa shilingi milioni 100. Msimamizi, yale macho ya mwenye nyumba, amepima kazi ya msingi na kuona imefikia milioni 15. Hukata asilimia 10 ya zuio, yaani milioni 1.5, na milioni 1.5 nyingine kurudisha sehemu ya malipo ya awali. Mkandarasi hulipwa milioni 12. Hati ya malipo yenye hesabu hiyo husainiwa na msimamizi, na mwenye nyumba aliye ng'ambo husubiri hati hiyo kabla ya kutuma fedha. Picha ya simu haitoshi.

Kuna hila moja inayopita mbele ya macho ya watu makini. Mkandarasi hujaza bei kubwa kwenye vipengele vya mwanzo, vya kuchimba, mawe na jamvi, na bei ndogo kwenye umaliziaji. Jumla inabaki ile ile na inavutia. Lakini kuta zikifika kwenye lenta ameshapokea kuliko alichofanya, na kazi iliyobaki, ya plasta, dari, vigae, milango na vyoo, ni ya hasara kwake. Kuondoka kunamlipa kuliko kumaliza. Maboma kadhaa yamezaliwa na jedwali la namna hiyo, na mkadiriaji majenzi huligundua kwa kulinganisha bei za watatu kipengele kwa kipengele, kazi ya jioni moja tu.

Msimamizi mwenyewe huwa mhandisi au fundi sanifu anayelipwa na mwenye nyumba. Hahitaji kushinda kiwanjani. Anahitajika kuwepo pale ambapo kitu kinakaribia kufichwa: mtaro wa msingi kabla ya zege, nondo za nguzo na mkanda kabla ya kufungwa mbao, kenchi kabla ya bati, mabomba na nyaya kabla ya plasta. Mkataba huandika kwamba hakuna kufunika bila saini yake kwenye kitabu cha saiti. Zege likishamwagwa, nondo hazihesabiki tena.

Anachokifanya siku hiyo ni kazi ndogo za mikono. Nondo ya milimita 12 huuzwa kwa urefu wa mita 12, na ikipandishwa kwenye mizani hutakiwa kukaribia kilo 10 na nusu. Ikileta kilo 9, unene wake ni kama milimita 11, na nguvu iliyolipiwa haipo. Kwenye zege hutazama kipimo. Mfuko wa simenti wa kilo 50 una ujazo wa karibu lita 35, hivyo sanduku la mbao la ujazo huo hutengenezwa hapo hapo: mfuko mmoja, masanduku mawili ya mchanga, manne ya kokoto. Toroli hazifai kwa kazi hiyo, kwa kuwa ya kwanza huja imejaa kichuguu na ya jioni huja nusu. Hutazama maji pia, maana saidia fundi aliyechoka hupenda zege linalotiririka lenyewe, na kila ndoo ya ziada inalidhoofisha. Huuliza mchanga umetoka wapi. Marudio, yale mabaki ya mawe yaliyosagwa kwa karasha na kuoshwa dhahabu, yanapatikana kwa bei rahisi Geita, lakini yamepita kwenye zebaki, na hayatakiwi ndani ya ukuta wa chumba anamolala mtoto. Halafu zege humwagiliwa kwa siku saba walau, chini ya magunia yaliyolowana. Shinyanga ni mkoa mkavu. Maji ya Ziwa Victoria hufika Kahama na Shinyanga kwa bomba kutoka Ihelele, Misungwi, lakini kiwanja kipya pembezoni kinaweza kuwa hakijafikiwa, na gharama ya boza la maji lazima ionekane kwenye mchanganuo, la sivyo ndiyo itakayokuwa ya kwanza kukwepwa.

Uzembe katika hatua hizi ni suala la uhai. Machi 29, 2013 jengo la ghorofa lilianguka katikati ya Dar es Salaam na kuua watu 36. Novemba 16, 2024 jingine likaporomoka Kariakoo. Nyumba ya chini haiui wengi kiasi hicho, lakini mkanda uliokosa nondo huanguka kwa namna ile ile.

Kalenda nayo ina amri yake. Mvua hunyesha takribani kuanzia Novemba hadi Mei, hivyo msingi huanza kiangazi kinapoingia, na paa hutakiwa kuwa juu kabla ya Novemba. Ukanda huu una msimu mwingine usioandikwa popote: rashi. Habari za dhahabu mpya zikisambaa, vijana huacha karai na mwiko asubuhi moja na kwenda machimboni. Fundi aliyeajiriwa moja kwa moja na ndugu huondoka na kazi husimama. Mkandarasi, kwa kuwa muda wa mkataba unamhesabia yeye, hulazimika kuleta mafundi kutoka Mwanza au Tabora. Faida yake kwenye bei inahalalishwa na siku kama hizo.

Mgogoro ukitokea, polisi kwa kawaida husema ni madai na humwelekeza mlalamikaji mahakamani. Kwa sababu hiyo mkataba hutaja mapema msuluhishi. Baraza la Taifa la Ujenzi lina mikataba ya mfano na uzoefu wa kusuluhisha kesi za ujenzi, na CRB inaweza kumfungia au kumfuta mkandarasi aliyevunja masharti, ingawa yenyewe si mahakama ya kurudisha fedha. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6.

Makabidhiano hufanyika kwa kutembea chumba kwa chumba na orodha: mlango unaogusa sakafu, swichi iliyolegea, kigae kinacholia utupu kikigongwa. Cheti cha mfumo wa umeme husainiwa na fundi mwenye leseni ya EWURA, kwa kuwa TANESCO itakihitaji. Nusu ya fedha ya zuio hutolewa siku hiyo, na kipindi cha matazamio huanza. Kwa nyumba ya mbugani kipindi hicho kisipungue miezi 12, ili kipite kiangazi kimoja na masika moja. Mwishoni mwake msimamizi hurudi na kuzitazama tena kona za madirisha, mkandarasi hurekebisha kilichojitokeza kwa gharama yake, na nusu iliyobaki hulipwa.